Klempu gani (vyuma vya kubania mbao mpaka gundi ikauke) ninunue kwa kuunga mbao pana za meza? Zangu zinapinda

fundimchanga_dom

Habari za mchana wakuu. Nipo Dodoma, useremala huu nina mwaka wa pili sasa, nilianza na stuli na vitanda, sasa nimepata mteja anataka meza ya chakula ya watu 6, futi 6 kwa futi 3, mninga, na kasema kabisa plaiwudi hataki, MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ndo hataki hata kuisikia, anataka mbao tupu mwanzo mwisho.

Nikachukua mbao tano za 1x8 (inchi, unene kwa upana), nikaranda, nikapaka gundi nyeupe, nikabana na klempu za F (zile za mikono miwili, mmoja unasonga kwenye chuma) nilizonazo 4 za futi 4. Asubuhi nafungua uso wa meza umejikunja kama mtumbwi, yaani ukiweka rula katikati pembeni kidole kinapita. Nikajipa moyo nikasema nitaranda. Baada ya wiki ungio moja limeachia kwenye ncha, noti ya elfu kumi inaingia na inatoka vizuri tu. Na klempu mbili kati ya hizo 4 chuma chake kimepinda kama upinde wa mshale.

Sasa nina hela kidogo ya klempu. Muuza duka kaniambia chukua F tena ila za kichwa kikubwa, fundi jirani anasema nitafute za bomba, mwingine anasema za bomba ni za kishamba nitafute za T (chuma chake kina umbo la T), na mdogo wangu anasema chukua za G kwa sababu ni bei rahisi. Naombeni msaada, nichukue zipi na ngapi? Mteja bado hajajua kilichotokea.

---

mzee_wa_keko

Kijana pole. Za G achana nazo kwenye kazi hii, hazifiki, mdogo wako anakupenda tu ila hajui. G ni ya kubana kitu kwenye benchi.

Kabla hujanunua chochote nijibu mambo mawili. Moja, hizo klempu 4 uliziweka zote upande wa juu? Mbili, ungio lilipoachia ni kwenye ncha za mbao au katikati? Maana naona unataka kwenda dukani kutibu ugonjwa ambao hujapimwa.

Ila hilo la mtumbwi nakujibu hapa hapa. Klempu ukiikaza, chuma chake kinajikunja, ndio maana zako zimebaki na upinde. Kikijikunja kinavuta mbao ziinuke katikati au zilale. Ukiziweka zote upande mmoja zinavuta upande mmoja, lazima upate mtumbwi. Weka moja chini, inayofuata juu, moja chini, moja juu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Na skrubu yake isukume katikati ya unene wa mbao, sio juu sana wala chini sana. Mbao ya inchi moja skrubu ikipanda kidogo tu juu ya katikati kosa tayari.

---

kabari_mbili

Kabari mkuu. Mbao mbili za 2x3 umezipigilia kwenye benchi, kazi yako katikati, unagonga kabari mbili mbili mpaka ibane. Babu zetu walitengeneza milango ile ya Stone Town hawakuwa na klempu ya duka.

---

nax_mbao

Sasa kabari nimeheshimu lakini huyu ana mteja anasubiri 😂

Mimi niko Nakuru, nafanya sana saiprasi na mahogani kidogo. Niliwahi kuwa na shida kama yako, nilinunua F sita za bei ya chini, mbili zikateleza ule mkono wa kusonga, unakaza unaskia kabisa imeshika, ukirudi baada ya dakika kumi imelegea na gundi imeshaanza kukauka. Hiyo ndio mbaya kuliko kupinda, kwa sababu haionekani.

Nikaenda kwa jamaa wa jua kali nikamwambia nitengenezee. Skwea tyubu ya inchi moja na nusu, urefu futi nne na nusu, upande mmoja amechomelea nati kubwa ya milimita 16, ndani ya nati inapita rodi ya uzi (yenye meno kama skrubu), mwisho wa rodi ameweka sahani ndogo ya chuma inayozunguka yenyewe ili isikwaruze mbao, na huku nyuma kipande cha nondo kama mkono wa kuzungushia. Upande wa pili kuna kipande cha chuma chenye pini, kwa tyubu ametoboa tundu kila inchi tatu, unachomoa pini unasogeza, unarudisha. Kwa bei ya klempu moja nzuri ya supamaket ya vifaa nilipata tatu na zikabaki pesa za chai. Ni nzito, ukiangusha moja mguuni utaimba, lakini hazipindi. Nina nane sasa miaka minne.

Kitu kimoja tu, mwambie achomelee nati ikiwa imefungwa kwa rodi ili isipinde na moto, na uzi aupake grisi kwanza. Yangu ya kwanza alichomelea nati ikaenda upande, rodi ilikuwa inatoka kama inaangalia barabara.

---

fundimchanga_dom

@mzee_wa_keko ndio mzee zote niliweka juu 🙈 sikujua. Na ungio limeachia kwenye ncha, mbao ya pili na ya tatu, kama inchi tano hivi kutoka mwisho. Kuranda niliranda kwa randa ya mkono kwa sababu mashine ya jirani ilikuwa na foleni.

@nax_mbao hiyo nimeipenda, rodi ya milimita 16 si zinauzwa mita moja moja kwenye hadwea?

---

nax_mbao

Ndio, za mita moja, moja inakupa rodi nne za klempu, kila moja kama sentimita 25.

---

mama_randa_mza

Ncha! Nilijua. Naomba nikuambie kitu kaka yangu na usinikasirikie, klempu yako imepinda ndio lakini kilichoachia sio kwa sababu ya klempu, ni ubavu wa mbao. Ukiranda kwa mkono hujazoea, randa inazama mwanzo na mwisho, kwa hiyo mbao inakuwa na tumbo katikati, ncha zinakuwa zimepungua. Ukizikutanisha zinagusana katikati, kwenye ncha kuna mwanya. Wewe ukakaza kwa nguvu, mwanya ukafunga, ukafurahi. Lakini mbao haijakubali, inasukuma kurudi siku zote, wiki imefika imeshinda gundi.

Mimi hapa Mwanza nafundisha vijana wawili, kitu cha kwanza kabla hajashika gundi: weka mbao ya chini kwenye jiriwa ubavu juu, weka ya pili juu yake bila gundi, nenda upande wa pili na tochi ya simu. Ukiona mwanga, rudia. Halafu shika ya juu izungushe kidogo kwa kidole, ikizunguka kwenye tumbo kama pangaboi jua katikati kumejaa, ikikwama kwenye ncha vizuri. Sisi tunaacha katikati mwanya mdogo sana, unene wa karatasi, ili klempu ya katikati ikifunga ncha zibanwe zenyewe kwa nguvu. Ncha ndo zinakauka haraka na kusinyaa kwanza, zinahitaji hiyo akiba.

Na ujanja wa pembe: mbao mbili zinazokutana zikunje kama kitabu, nyuso za juu zitazamane, zibane pamoja uzirande bavu zote mbili kwa mpigo mmoja. Hata randa yako ikilala kidogo, moja inapata nyuzi 89 nyingine 91, ukizifungua zinakutana zinalala sawa kabisa. Hii imeniokoa kuliko klempu yoyote niliyowahi kununua. Weka alama kwa chaki 1-2, 2-3, usichanganye.

Mbao zako zilikuwa kavu? Mninga ya stoo iliyokatwa juzi ukiiunga leo hata ukibana na lori itaachia.

---

kabari_mbili

Dada yuko sahihi kwa asilimia mia. Na kabari pia.

---

seremala_ughaibuni

Salaam wakuu, mimi mzaliwa wa Tanga nipo Ujerumani, nafanya kazi karakana ya samani. Huku tunatumia zile za taya sambamba, taya ni pana na zinabaki zimesimama wima hata ukikaza, paneli inakuja tambarare bila mbinu nyingi. Lakini sikushauri, moja nzuri unaweza kutengeneza tano za nax_mbao.

Naongeza hesabu kidogo kwa sababu watu wengi wanauliza ngapi. Watengenezaji wa gundi ya Titebond wanashauri mbao laini zibanwe kwa pauni 100 mpaka 150 kwa kila inchi ya mraba, za kati 125 mpaka 175, ngumu 175 mpaka 250. Sasa ungio lako ni inchi 72 urefu kwa inchi 1 unene, inchi 72 za mraba. Chukua 150, unapata pauni 10,800, karibu kilo 4,900. Haizidishwi mara nne kwa sababu una maungio manne, nguvu ile ile moja inapita mbao zote kama foleni ya watu wanaosukumana.

F nyepesi ikijitahidi inatoa pauni 300 hivi. Gawanya, unahitaji 36! Klempu ya bomba la robo tatu ya inchi inatoa pauni elfu moja na zaidi, unahitaji kama 11. Msishtuke, ungio likiwa limekutana kama alivyosema mama_randa watu wanaunga na 6 au 7 na hakuna kinachoachia. Hizo namba ni za kukuonyesha kwa nini F nne nyembamba haziwezi, sio kwamba ulikaza vibaya.

---

mzee_wa_keko

Ughaibuni umenifurahisha, mimi hesabu hiyo sikuijua nilikuwa naenda kwa jicho. Jicho langu linasema hivi: nguvu ya klempu inatoka pale inaposhika inatawanyika kwa mshazari, kama mwanga wa tochi. Mbao ya pembeni ikiwa na inchi 7, ikifika kwenye ungio la kwanza imeshapanuka inchi 14. Kwa hiyo klempu kila inchi 12 mpaka 14, futi 6 inakula 6. Mbao ya pembeni ikiwa nyembamba inchi 3 lazima usogeze karibu, au uweke kipande cha 2x3 kilichonyooka kati ya klempu na mbao. Hicho kipande ni lazima hata hivyo, kinazuia alama.

Sasa kijana, ununue nini. Kama una fundi wa kuchomelea unayemwamini, fanya ya Nakuru, 6. Kama huna, nunua vichwa vya klempu ya bomba, vinauzwa bila bomba, kichwa na mkia tu, vinakuja kwenye boksi dogo. Bomba unanunua hadwea, robo tatu, usichukue nusu inchi kwa kazi ya futi 3, inapinda. Na usikubali lile bomba jepesi la daraja A, ukuta wake mwembamba, ukikata uzi linabaki karatasi. B au C. Bomba moja la mita 6 linatoa vipande vinne vya mita moja na nusu, mwambie fundi bomba akukatie uzi ncha moja tu. Kuhusu uzi usiogope, kuna vichwa vya Kimarekani vyenye uzi wao, lakini robo tatu yao na yetu zote ni meno 14 kwa inchi, vinaingia, vinakaza kidogo tu. Uzuri wa bomba, kesho ukipata kazi ya mlango wa futi 8 unabadilisha bomba, kichwa ni kile kile.

Eti kishamba. Keko nzima, mafundi wote wa samani, tulikuwa washamba basi.

---

nax_mbao

😂😂 huyo wa kishamba tumwone na T zake kwanza. T ni nzuri sana haina mjadala, lakini bei yake na usafiri, kitu ni kizito.

---

mama_randa_mza

Naongeza la mbao za kulazia maana hakuna aliyelisema. Hata ukipishanisha klempu juu na chini, mbao tano zenye gundi zinateleza, moja inapanda moja inashuka, asubuhi una ngazi. Chukua vipande vinne vya 2x3 urefu kidogo kuzidi upana wa meza, viwili juu viwili chini, vizungushie selotepu pana ile ya kahawia ili gundi isishike, zibane kukatisha mbao karibu na ncha zote mbili. Hapo ndipo hizo F zako mbili nzima zinapata kazi! Usizitupe. Mimi vipande vyangu nimeviranda vina tumbo kidogo katikati, ukibana ncha zake tumbo linakandamiza katikati ya meza.

Utaratibu: kaza klempu ndefu nusu nusu, bana vipande vya kulazia, gonga kwa nyundo ya mpira panapopanda, ndipo ukaze za mwisho.

---

juma_dowel

Mimi natumia doweli (vijiti vya mbao vya kuchomeka kwenye matundu ya ungio) kila inchi 8, bila doweli ungio halina nguvu.

---

seremala_ughaibuni

Doweli zinasaidia mbao zisiteleze, hilo nakubali. Nguvu ni ya gundi. Ungio la ubavu kwa ubavu likiwa zuri ukilivunja kwa nyundo mbao inachanika pembeni ya gundi. Jaribu kwenye kipande kibovu.

---

juma_dowel

Nitajaribu ila sikubali mpaka nione

---

mzee_wa_keko

Mambo mawili ya mwisho halafu naenda kwenye kazi. Dodoma kuna joto kavu na upepo, gundi nyeupe kwenye mbao inakupa dakika tano hivi kabla haijatengeneza ngozi, kwenye jua chini ya hapo. Maungio manne peke yako hutamaliza. Unga mbili mbili: 1 na 2, 4 na 5, subiri saa moja, halafu uunge na 3 ya katikati. Unafanya asubuhi mapema, kivulini. Jaribu kubana kila kitu kavu kwanza bila gundi, klempu zote zikiwa zimeshapimwa urefu, ukishapaka hakuna kutafuta.

Kukaza, angalia gundi inavyotoka. Ikitoka matone madogo madogo yamepangana kama jasho la pua, acha. Ikimiminika umepaka nyingi, isipotoka kabisa sehemu fulani umekosea hapo. Wengine wanakaza mpaka wanasimamia mkono wa klempu, wanadhani wanaongeza nguvu, wanaikamua gundi yote nje. Saa moja unaweza kufungua lakini usirande wala kuibebesha kitu mpaka kesho yake.

Na bomba lisiguse gundi mbichi. Niliwahi kuunga mtiki, chuma kitupu, kesho yake mistari mitano myeusi imekwenda ndani ya mbao, msasa haukutoa. Weka nailoni katikati. Mifuko ilipigwa marufuku tangu 2019 lakini nailoni ya kufungia magodoro mapya ipo, kamuombe muuza magodoro. Halafu huo mtiki kwa taarifa yako una mafuta, ukiranda leo unga leo.

---

fundimchanga_dom

Wakuu nimesoma yote mara mbili, mama nimesoma yako mara tatu. Nimeamua: bomba robo tatu B, vichwa 6, na F zangu mbili nzima zinabaki za kulazia. Mbao za zamani nimezichana kwenye maungio na msumeno, kila moja imepungua kama inchi moja hivyo lazima niongeze ya sita. Mteja nimemwambia ukweli kwamba mbao zilijikunja nimezirudia, kasema bora ulivyosema mapema, amenipa wiki mbili.

Swali moja tu, zikishaungana naifungaje kwenye miguu? Nilikuwa napigilia skrubu kutoka chini kwenye fremu.

---

mama_randa_mza

Usiifunge kabisa! Meza ya futi 3 inapanuka masika inasinyaa kiangazi, kwa upana, sio urefu. Ukiikaza kwenye fremu itapasuka, na hapo utasema klempu tena. Toboa tundu refu la mviringo kwenye fremu, kama punje ya maharage, skrubu iwe na waya wa kusogea kwa upana, au tengeneza vibao vidogo vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji wa fremu. Pale katikati tu ndo unakaza moja kwa moja.

---

seremala_ughaibuni

"waya wa kusogea" umekusudia washa nadhani

---

mama_randa_mza

Washa ndio, simu hii inanisahihisha kila neno.

---

fundimchanga_dom

Nimerudi hadwea sasa hivi. Nimeomba bomba robo tatu mita 12, B, likatwe vipande 8 vya mita moja na nusu na uzi ncha moja moja. Jamaa ananiuliza mkuu unavuta maji wapi. Nikamwambia kwenye meza. Kaniangalia tu. Vichwa anavyo vitano, cha sita anasema mpaka Alhamisi.

---

kabari_mbili

Cha sita weka kabari.